Pikapu za Mama Gitaa

Mtaani walimwita Mama Gitaa. Mwanamke aliyeolewa haachwi bila kuitwa mama wa kitu, na kwa kuwa yeye hakupata mtoto, watu walitazama alichokuwa akibeba mgongoni kila Jumamosi wakamzalisha hicho. Hakuchukia. Alisema angezaa, mtoto angekuwa ameshakua na kwenda zake, lakini huyu wa mbao bado anambeba na halii mpaka aambiwe.

Siku za kazi alikuwa fundi makochi. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa karakana, mlango ukifunguka moja kwa moja barabarani, na hapakukosa kochi lililopinduliwa miguu juu, matumbo nje, likimsubiri. Alikuwa na mkono mzuri. Sponji aliikata kwa kisu kirefu bila kupiga mstari. Kitambaa alikivuta kikakaza mpaka ukikigonga kwa kidole kinaitika. Misumari midogo aliishika mdomoni, na wateja walizoea kujibiwa kwa kichwa: ndiyo, hapana, kesho.

Hiyo kesho ndiyo iliyokuwa na matatizo, kwa sababu haikuwahi kufika kwa wakati. Hapo ndipo mama mkwe wake alipoingia kazini. Mama huyu alikuwa amestaafu kufua mashuka ya hospitali, magoti yamemchakaa lakini ulimi mzima, na alikaa kwenye kiti karibu na mlango kuwapokea wateja. "Kochi lako? Limebaki kidogo tu. Jana usiku hakulala kwa ajili yako." Mama Gitaa, misumari mdomoni, hakuweza kukana wala kukubali. Mteja akiondoka, mama mkwe husema, "Huyo tumemtuliza mpaka Alhamisi."

Waliishi wawili. Mume alikuwa ameondoka miaka mingi nyuma kutafuta kazi ng'ambo, akawaacha kama mtu anayeacha vyungu viwili kwenye kabati moja, vigongane mpaka vizoeane. Mwanzoni viligongana kweli. Baadaye wakazoeana kiasi cha kugombana bila kuacha kula.

Siku ujumbe ulipokuja, Mama Gitaa alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti cha ofisi ya mtu. Simu ilikuwa juu ya meza, akaibonyeza kwa kiwiko aisikilize huku akifanya kazi. Ilikuwa sauti ya mume wake, taratibu, kama anasoma.

"Nimefikiria sana. Huku nimeanza maisha mengine, kuna mtu, tunaishi pamoja. Sitaki uendelee kunisubiri. Wewe ni mtu mzuri, hilo nalijua. Mama nitampigia mwenyewe nikipata nafasi."

Lori lilikuwa linapita, kwa hiyo aliusikiliza tena. Kisha akamaliza misumari iliyokuwa mdomoni, mmoja mmoja, akageuza kiti kukitazama kama kimenyooka. Kilikuwa kimenyooka.

Alimwambia mama mkwe wakati wa kula. "Mwanao ana mke huko. Kaniacha."

Mama mkwe alisukuma sahani. Alijipiga mapaja, akamwita mwanawe kwa majina ambayo mzazi hamwiti mwanawe, akalia mpaka leso ikalowa. Mama Gitaa alikaa naye mpaka akatulia, kisha akakusanya vyombo akavisuuza. Alikuwa anangoja. Ukijigonga nyundo kwenye kidole kuna kitambo kifupi unakitazama kidole tu, maumivu hayajafika. Alidhani yuko kwenye kitambo hicho. Alimaliza vyombo, akafuta meza, akaanika kitambaa. Maumivu hayakufika. Hayakufika wiki hiyo, wala mwezi uliofuata. Ndani mlikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya: unaugusa, unajua ni wako, lakini ukiufinya umefinya mguu wa jirani.

Dada yake mkubwa alikuja akamkalisha kitandani. "Lia, mdogo wangu. Usipolia kitakugeukia ugonjwa."

"Sasa nilie vipi?"

"Lia tu. Kuna shule ya kulia?"

Alijaribu. Alijifungia bafuni, akakaza uso, akamkumbuka mume wake siku ya harusi, akamkumbuka anavyocheka. Kilichotoka ni mwayo.

Kifurushi kilikuja baada ya hapo. Kilikuwa kimetumwa kabla ya ule ujumbe, kikakwama sijui bandari gani, mpaka posta walipompigia simu aende kukichukua. Ndani mlikuwa na taulo dogo, na ndani ya taulo pikapu mbili za gitaa, mpya, ndani ya karatasi zake. Hapakuwa na barua.

Hapa lazima nieleze kidogo. Gitaa lake alitumiwa na mume huyohuyo, mwaka wa kwanza wa ng'ambo. Lilikuwa gitaa la umeme la bei nafuu, la lile umbo pana lenye matundu mawili yaliyopinda kifuani: katikati kuna gogo la mbao, pembeni ni wazi kama sanduku. Mbao zilikuwa nzuri, shingo imenyooka, rangi nyekundu ya kukoza. Tatizo lilikuwa pikapu, vile visanduku viwili vinavyokaa chini ya nyuzi, sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Hizo ndizo sikio la gitaa. Zinasikia uzi ukitikisika na kupeleka habari kwenye spika. Za kiwandani zilikuwa sikio la mtu mwenye mafua. Kila alichopiga kilitoka kizito, kimejifunika, na kiongozi wa bendi yao ya kumbi za harusi alizoea kumpigia kelele jukwaani, "Mama Gitaa, toka ndani ya gunia!" Mume aliahidi kumtumia pikapu bora. Aliahidi miaka yote. Sasa zimefika.

"Mwanangu kaleta nini?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

"Pikapu."

Mama mkwe alisimama, magoti yakalia. Alichungulia barabarani kulia na kushoto. "Iko wapi?"

"Nini?"

"Gari. Umesema pikapu. Au kaiacha posta?"

Mama Gitaa alimwonyesha kiganja. Mama mkwe aliviangalia vile vyuma viwili, vidogo kuliko sabuni ya kuogea, akaketi tena polepole. "Kumbe hata kwenye pikapu katudhulumu," alisema. Siku nyingine wangecheka mpaka jirani aulize.

Dada mkubwa aliposikia alipandwa na hasira. "Tupa! Kitu cha mwanamume aliyekuacha unakwenda kukipachika kwenye gitaa lako?"

"Gitaa lenyewe yeye ndiye aliyelileta."

"Tupa nalo!"

"Halafu Jumamosi nipige nini, dada? Sufuria?"

Dada alimtazama usoni akitafuta kitu, chuki au mapenzi, chochote cha kushika. Hakukuwa na kitu. Pikapu zilikuwa nzuri na za zamani zilikuwa mbaya, basi. Angeletewa na shetani angezifunga vilevile.

Alizifunga mchana wa siku ambayo hakuwa na mteja. Alitandika blanketi juu ya meza ya kukatia vitambaa, akalilaza gitaa chali, akafungua nyuzi zote. Fundi redio wa duka la pili alikuja na chuma chake cha kulehemu na kipande cha waya wa risasi wa kuyeyusha. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa seloteipu, na gitaa la namna ile hakuwahi kulifungua. Mama mkwe alipewa tochi.

"Kifuniko kiko wapi?" fundi redio aliuliza, akiligeuza mgongo.

"Halina kifuniko. Kila kitu kinapitia tunduni."

"Tunduni hapa? Vifundo vya sauti, swichi, tundu la waya, vyote?"

"Vyote."

Fundi redio alivua miwani akaifuta. Mama Gitaa akaleta uzi wa makochi, ule mnene uliopakwa nta, pamoja na sindano iliyopinda. Kila kifundo cha sauti alikifunga uzi kwenye shingo yake kabla ya kukilegeza nati, ili kikitumbukia ndani ya gitaa uzi ubaki nje ukionyesha njia ya kurudi. Akafanya hivyo kwa swichi, akafanya hivyo kwa tundu la kuchomekea waya. Kisha akaanza kuvuta yote kupitia lile tundu lililopinda, taratibu. Nyaya zikatoka zimeshikana, vifundo vikaning'inia nje, na nyuzi zikaingia zikipotea ndani huku ncha zake zikibaki juu ya uso wa gitaa.

"Kama anazaa," mama mkwe alisema.

Fundi redio alianza kulehemu. Moshi mdogo ulipanda, ukanuka kama plastiki na mshumaa. Pikapu za zamani zilikatwa zikawekwa pembeni ndani ya kifuniko cha kopo. Mama Gitaa alishika nyaya mpya kwa koleo ndogo, rangi kwa rangi, na mwanga wa tochi ulikuwa thabiti mpaka mama mkwe alipokohoa kama mtu anayetaka kusema.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza, mama."

"Mimi sasa ni nani kwako?"

"Mwanga, mama. Umeuhamisha."

"Nauliza. Mimi nilikaa hapa kwa sababu ni mama wa mume wako. Mume ndiye huyo kashajitoa. Sasa mimi nimekaa hapa kama nani?"

Fundi redio aliinamia kazi yake zaidi, akapuliza sehemu ambayo haikuhitaji kupulizwa. Mama Gitaa alitafuta jibu. Alijua kuwa swali lile ni kubwa, na mtu mwenye moyo wake angeweka koleo chini. Yeye aliikaza mkononi.

"Shika tochi hapa," alisema. "Kwenye waya mweupe."

Mama mkwe alishika tochi hapo, kwenye waya mweupe.

Kurudisha ndani kulichukua muda mrefu kuliko kutoa. Mama Gitaa alivuta zile nyuzi za makochi moja baada ya nyingine, na kila kifundo kilipanda kutoka gizani kikachomoza shingo kwenye tobo lake kama panya, akakidaka na kukikaza nati. Alifunga nyuzi za gitaa, akachomeka waya, akawasha spika. Mvumo mkubwa ukajaa chumba, kama friji iliyokasirika. Akigusa nyuzi, mvumo unanyamaza, akiachia, unarudi.

"Ethi," fundi redio alisema, akajipiga paji la uso. "Waya wa ethi, ule wa kumeza mvumo, nimeusahau. Nisamehe, mama. Tutoe tena."

Walitoa tena. Hakukasirika. Fundi redio aliomba radhi mpaka akachoka kuomba.

Mara ya pili spika ilikaa kimya. Mama Gitaa alipiga uzi mmoja mtupu. Sauti ilitoka safi, ikasimama hewani peke yake, ikaisha pale ilipotaka yenyewe. Akapiga kodi moja, nyuzi zote kwa pamoja, na kila uzi ulisikika mahali pake badala ya ule uji uliozoeleka. Akapiga kipande kirefu cha zile nyimbo wanazoingia nazo maharusi ukumbini.

Mama mkwe alikuwa bado na tochi mkononi, inawaka mchana kweupe. "Kumbe hivi ndivyo unavyopiga?" alisema. "Miaka yote hii?"

"Ndivyo."

"Mimi nilidhani unakwaruza tu."

Mama Gitaa alijua kuwa kazi imetoka vizuri, kama anavyojua mshono uliolala sawa. Alizima spika akarudi kwenye makochi.

Shemeji yake, mdogo wa mume, alikuja siku chache baadaye. Alikuwa mkuu wa stoo kwenye kampuni ya dawa za mifugo, mtu wa viatu vilivyong'aa na sentensi zilizopangwa. Hakukaa kwenye kochi lolote, labda kwa kuwa yote yalikuwa ya watu.

"Shemeji, tumekaa kama familia," alisema. "Kaka kashaamua lake, tumemlaumu, lakini ndiyo hivyo. Tumeona si haki kukuachia mzigo."

"Mzigo gani?"

"Mama."

Mama mkwe alikuwa palepale, kwenye kiti chake karibu na mlango, ametazama barabarani kama vile anazungumzwa mama wa mtu mwingine.

"Atakuja kwangu," shemeji aliendelea. "Chumba kipo. Na wewe upate nafasi, upange maisha yako. Unaonaje?"

Mama mkwe aligeuza uso, akamtazama Mama Gitaa. Alimtazama hasa.

"Sawa," Mama Gitaa alisema.

Hakulipanga neno lile. Ndilo lililokuwa karibu. Alikwenda chumbani akamsaidia kufungasha: nguo, dawa ya kuchua magoti, mto aliouzoea, kandambili. Mama mkwe alikunja kila kitu mara mbili. Mlangoni alisema, "Haya, baki salama," akaingia kwenye gari la mwanawe, na Mama Gitaa akarudi kupima kitambaa.

Nyumba haikumsumbua kwa ukimya. Kimya kilikuwa kimya tu. Kilichomsumbua ni wateja. Bila mtu wa kuwatuliza mlangoni, waliingia mpaka ndani. Walisimama juu yake wakiuliza kochi liko wapi, na yeye ana misumari mdomoni, na hata akiitoa hakuwa na uongo wa kutosha. Mwalimu mmoja aliketi kabisa akasema haondoki. Muuza vitanda alilibeba kochi lake likiwa nusu uchi. Kila mmoja, akishamaliza kugomba, aliuliza, "Na yule bibi yuko wapi?"

"Kahama."

"Kahamia wapi? Mbona hakuaga?"

Jumamosi bendi ilipiga kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa zile pikapu kupanda jukwaani. Sauti yake ilitoka mbele ya vinanda, wazi, na hata makosa yake yalitoka wazi. Kuna mahali vidole vyake vilizoea kuteleza na gunia likamfichia, sasa hapakuwa na gunia. Alilazimika kuvifuatilia vidole kimoja kimoja. Mpiga besi, jamaa mrefu aliyekuwa na bendi tangu mwanzo, alimsogelea wimbo ukiendelea, akamwambia sikioni, "Umebadilisha nini?"

"Pikapu."

"Nilidhani umebadilisha mtu."

Kiongozi alimwachia solo ndefu kuliko kawaida. Watu waliacha sahani wakaja mbele kucheza, bibi harusi akavua viatu. Baba wa bwana harusi alikuja kumshika mkono kwa mikono miwili, macho yana maji. Mama Gitaa alimshukuru. Alikuwa anamwona vizuri kabisa, kila kinyweleo cha masharubu, kama mtu anavyotazama picha iliyo nyuma ya kioo.

Siku iliyofuata alioga, akavaa nguo za kutokea, akaenda nyumbani kwa shemeji yake. Hakumuaga mtu, na njiani hakujua atasema nini. Ilikuwa ghorofa ya tatu. Alimkuta mama mkwe amekaa kwenye kochi la sebule, magoti yamepanda juu karibu na kidevu, kwa maana springi za katikati zilikuwa zimekufa. Mama Gitaa aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Luninga ilikuwa inawaka bila sauti.

"Shemeji, karibu," shemeji alisema. "Kuna tatizo?"

"Hapana. Nimekuja kumchukua mama."

"Kumchukua kwenda wapi?"

"Nyumbani."

Shemeji alicheka kidogo, akaona hachekewi, akaacha. "Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana."

"Sasa kumetokea nini?"

"Sijui, shemeji."

"Hujui?" Alimgeukia mama yake, kisha akamrudia. "Watu watasemaje? Mwanamke kaachwa, halafu anakaa na mama wa aliyemwacha? Hii inaitwaje?"

"Sijui inaitwaje."

Mke wa shemeji alitokeza kichwa kutoka jikoni, akasikia kinachozungumzwa, akarudi haraka, na mara ikasikika sauti ya mtu anayefunga chakula cha njiani.

 Mama mkwe alisema, "Na wewe huwezi hata kudanganya kwamba umenikumbuka?"

"Sijui kama nimekukumbuka, mama. Wateja wanaingia mpaka ndani. Mwalimu alikaa juu ya meza."

"Juu ya meza ya kukatia?"

"Juu ya meza ya kukatia."

"Mpumbavu huyo," mama mkwe alisema, akaanza kujinasua kutoka kwenye lile shimo la kochi. "Lake si lile la maua? Ningemwambia kitambaa kimeisha dukani, kinakuja na meli. Nipe mkono."

"Mama, hebu tulizungumze kwanza," shemeji alisema.

"Zungumzeni. Mimi natafuta kandambili."

Shemeji alizungumza mpaka kwenye ngazi. Alizungumzia heshima, alizungumzia kaka yake, akasema atakuja wiki ijayo walimalize vizuri. Mama mkwe alishuka kinyumenyume akishika ukuta, kipandio kimoja kwa pumzi moja, akiitikia, "Ndiyo, baba. Ndiyo, baba," bila kusimama. Mama Gitaa alitangulia na begi.

Jua lilikuwa kali. Kituo cha basi kilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na kabla ya kufika pale mama mkwe aliyekaa ndani kwa shemeji bila mtu wa kuongea naye alikuta ulimwengu umejaa watu. Alimsalimu mlinzi. Alimsalimu mpiga pasi wa kibarazani, akamuuliza kuhusu mkaa. Kwa muuza sabuni alisimama kabisa, akaweka mkono kwenye nguzo ya banda, akaanza kueleza tangu mwanzo: mwanawe wa kwanza, ng'ambo, mke mpya, mwanawe wa pili, springi za kochi. Muuza sabuni alikuwa ameweka kiganja mdomoni, macho kayatoa.

Mama Gitaa alisimama juani na begi. Alingoja. Hadithi ilifika kwenye pikapu, ikaanza kuelezea gari ambalo halikuwepo. Hapo kitu kikamsogea tumboni, kidogo, cha moto, kikapanda kifuani, kikafika kooni kabla hajajua ni nini.

"Mama, twende!"

Ilitoka kwa nguvu kiasi kwamba mpiga pasi aligeuka na pasi yake mkononi. Muuza sabuni akashusha kiganja. Mama mkwe alimwangalia, mdomo wazi.

"Unanifokea?"

"Ndiyo! Nimesimama juani kama mlingoti, na wewe unamhadithia mtu usiyemjua mambo ya nyumbani kwangu!"

"Ninamjua. Nilinunua sabuni kwake juzi."

"Twende!"

"Haya, haya. Mbona kelele," mama mkwe alisema, akamuaga muuza sabuni kwa ishara kwamba atamalizia siku nyingine, akaanza kutembea akichechemea.

Mama Gitaa alifuata nyuma yake, koo likimwuma kwa kule kupiga kelele. Kwenye ukingo wa barabara walisimama kungoja magari yapite. Begi lilikuwa zito, mpini wake umemkata vidole vyekundu, na ndipo kwanza alipogundua. Akalihamishia mkono wa pili, na gari la mwisho lilipopita wakavuka.